NYANYA ALIYEKOSEKANA KWENYE KHITMA



  Namuomba Allah (SWT) atutakabalie saumu zetu na visimamo vyetu, na awarehemu wazee wetu waliotangulia mbele ya haki. Na ni hao wazee waliotangulia ndio walionifanya nishike kalamu mwaka huu, hasa mmoja wao, ambaye kwa muda mrefu sikujua hata jina lake.

Karatasi ya marehemu

Nyumbani kwetu Mombasa kila kumi la mwisho la Ramadhani husomwa khitma ya marehemu wa familia. Bila shaka wasomaji wengi mna ada hii. Wanaume hukaa barazani na ukumbini, wanawake ndani, juzuu zikagawanywa, na msahafu ukishatimia mjomba wangu hutoa karatasi yake mfukoni akasoma majina ya wale tunaowaombea. Karatasi hiyo ni ya zamani. Imekunjwa na kukunjuliwa hata katikati imeingia matundu. Majina ya wanaume yamepangwa fulani bin fulani bin fulani, mpaka kufika kwa yule babu aliyevuka bahari kutoka Omani. Wanawake hutajwa wachache, kisha mjomba humalizia kwa jumla: na mama zao, na dada zao, na Waislamu wote. Watu huitikia amin, halafu huletwa kahawa na tende.

Mwaka mmoja nilimwuliza mama yangu, "Nyanya yake nyanya, yule mama wa mama yake, mbona hasomwi?" Mama akanijibu kuwa husomwa ndani ya ile jumla. Nikamwuliza jina lake. Akasema, "Bi Mkubwa." Nikamwambia Bi Mkubwa si jina, hilo ni jina la heshima tu, kila nyumba ina Bi Mkubwa wake. Mama akafikiri kidogo kisha akasema, "Wallahi silijui. Tulikuwa tukisikia binti Abdallah."

Hapo ndipo safari yangu ilipoanza. Nilidhani itakuwa kazi ya wiki mbili.

Kwa nini tujue nasaba?

Kabla sijaendelea, nataka kujibu swali ambalo huenda baadhi yenu mnajiuliza: mambo ya kale yatufaa nini? Imepokewa na Imam Tirmidhi kutoka kwa Abu Huraira (RA) kuwa Mtume (SAW) alituagiza tujifunze nasaba zetu kwa kiasi cha kutuwezesha kuunga udugu. Tizameni sababu iliyotajwa. Hatukuambiwa tuzijue ili tujifakhari nazo, wala ili tumdharau asiyekuwa na yake. Sababu ni kuunga udugu, na udugu kwa Kiarabu ni rahim, neno linalotokana na tumbo la uzazi la mama. Sasa vipi mtu ataunga rahim naye anajua upande wa baba peke yake?

Sisi watu wa pwani twapenda nasaba. Mtoto mdogo akiingia nyumba ya watu huulizwa, "Wewe wa nani?" kabla hajaulizwa jina lake. Lakini nasaba tunazozihifadhi ni mnyororo wa wanaume. Mama huingia hapo kama mlango: watu wamepita, na mlango wenyewe hakuna aliyeutizama.

Huyo Abdallah alikuwa nani?

Nilianza kama anavyoanza kila mtu, kwa kuuliza. Kwa kuwa niliambiwa ni binti Abdallah, nikamtafuta huyo Abdallah. Nilikwenda kwa wazee wa mtaani. Mmoja akaniambia Abdallah huyo alikuwa nahodha. Mwengine akasema hapana, alikuwa mwalimu wa chuo kule Kisauni. Nikaandika yote katika daftari langu. Nilikwenda na binamu yangu makaburini tukasoma mawe mpaka jua likatuchoma. Akina Abdallah tuliwapata wengi, lakini hapakuwa na hata mmoja aliyekuwa na binti kama wangu. Miezi mitano nilimtafuta mtu huyo.

Aliyenitoa gizani ni nyanya yangu mwenyewe, tena bila ya yeye kukusudia. Siku moja ya Shaabani tulikuwa tukisafisha chumba chake kwa ajili ya Ramadhani, akaniambia nilitoe kasha lake nje lipigwe jua. Chini kabisa, ndani ya kitambaa cha leso kuukuu, palikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, imeandikwa kwa hati ya Kiarabu. Nyanya akasema ni karatasi ya nyumba ya zamani, ile iliyokwishauzwa, na yeye hajui imeandikwa nini. Nikaomba ruhusa niisome.

Ndugu wasomaji, hapa ndipo nilipomshukuru marehemu maalim wangu wa chuoni kwa bakora zote alizonichapa. Niliisoma kwa taabu, kwani wino umefifia na mwandishi hakuwa mtu wa kutia nukta. Lakini nilielewa kuwa ni wasia. Babu wa nyanya yangu, yule yule ambaye jina lake husomwa kwenye khitma kila mwaka, anausia kuwa akifa, chumba kimoja cha nyumba na minazi kadhaa vipewe fulana binti Abdallah. Na kabla ya jina la huyo fulana pana maneno mawili: ummu waladi. Yaani, mama wa mtoto wangu.

Asingeandika mke wangu? Nikakumbuka darsa zetu za fiqhi. Mlango wa kuacha huru watumwa maalim aliupitisha haraka haraka, nasi tulikuwa tukicheka, tukasema mambo hayo yamekwisha zamani, ya nini kuyasoma? Ummu walad ni mjakazi aliyemzalia bwana wake mtoto. Katika sharia, tangu siku hiyo hauzwi wala hapewi mtu, na bwana wake akifa yeye ni huru. Mtoto wake ni huru tangu anapozaliwa, ana nasaba kamili ya baba yake na hurithi kama ndugu zake wengine.

Nilikaa pale uani na karatasi mkononi. Nyanya akaniuliza, "Yasemaje?" Nikamwambia, "Yasema nyumba." Allah anisamehe, siku ile sikuweza kumwambia zaidi.

Kesho yake nilimwendea ustadh mmoja ninayemwamini. Akaniambia: na huyo Abdallah unayemtafuta, mwache. Tangu zamani, katika nchi nyingi za Kiislamu, mtu aliyesilimu au aliyekuwa mtumwa na baba yake hajulikani aliandikwa bin au binti Abdallah, kwa kuwa sote ni waja wa Allah. Si kila binti Abdallah ni hivyo, akanionya, lakini ukikuta jina hilo pamoja na ummu walad, basi umejibiwa. Kumbe yule nahodha na yule mwalimu wa Kisauni wote hawakuwako. Mimi nilikuwa nikimtafuta baba wa mtoto ambaye watu walimpoteza baba yake makusudi.

Alikotoka

Nyanya alipojua ninalolijua, alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu baada ya alasiri akaniita nikae karibu naye.

"Mjukuu wangu," alisema, "hukuambiwa kwa sababu hata mie sikuambiwa. Mie niliona tu."

Aliyoyaona ni haya. Alipokuwa mdogo, nyanya yake alikuwa mkongwe sana, macho yamefanya ukungu, akikaa nyuma ya nyumba akisuka ukili. Alikuwa na chale ndogo ndogo usoni. Watoto wakimwuliza ni za nini, akisema ni za paka. Na alipougua ugonjwa wake wa mwisho, usiku alikuwa akiita neno moja: "Amai, amai." Wenyewe wakidhani ni homa.

Chuo kikuu ninakosoma tuna mwenzetu Muislamu kutoka Malawi. Siku moja kwenye futari ya wanafunzi alikuwa akizungumza na mamake kwa simu, nikasikia neno lile. Nikamwuliza, amayi ni nini? Akacheka akasema, "Ni mama."

Neno moja si cheti cha kuzaliwa, najua. Lakini neno hilo linakwenda sambamba na historia inavyosema. Watumwa wengi walioletwa mwambao wetu katika karne ya 19 walitoka pande za Ziwa Nyasa na kusini ya Tanganyika: Wanyasa, Wayao, Wangindo, Wamakua na wengineo, wakashushwa Kilwa. Wengine walikwenda kwenye mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba. Wengine waliletwa kaskazini, kwetu, kwa ajili ya mashamba ya Malindi, Takaungu na Mombasa. Mji wa Malindi uliokuwa umekufa ulifufuliwa katika miaka ya 1860, na mtama, mawele na ufuta uliosafirishwa kutoka huko ulilimwa kwa mikono ya watu hawa. Hata jina "Mnyasa" si la kuaminika sana, kwani wanunuzi walilitumia kwa mtu yeyote aliyepitia njia ile.

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash wa Unguja, akishikiliwa na Waingereza, alitia saini mkataba wa kuzuia kusafirisha watumwa kwa bahari, na soko la Unguja likafungwa. Wafanyabiashara wakageukia njia ya nchi kavu, wakiwapitisha watu kwa miguu kufuata mwambao. Mwaka 1876 na hiyo ikapigwa marufuku. Lakini marufuku ya kwenye karatasi na mambo ya porini ni vitu viwili, na watu waliendelea kuletwa kwa siri. Nikihesabu umri wa watoto na wajukuu, Bi Mkubwa aliletwa miaka ya baadaye hiyo, wakati biashara yenyewe ilikuwa imeshakatazwa, naye akiwa mtoto mdogo aliyeshika maneno machache tu ya kwao.

Hapa nataka tusimame kidogo. Sisi vijana twapenda kusema kuwa Uislamu uliwahimiza watu kuacha watumwa huru, na ni kweli. Katika Ramadhani hii hii tunasoma kuwa kafara ya anayevunja saumu yake makusudi kwa kuingiliana na mkewe, jambo la kwanza ni kuacha mtumwa huru. Suratul Balad inalitaja jambo hilo kuwa ni katika kupanda ile njia ya mlima. Lakini tusisome nusu ya kitabu. Katika Sahihi Bukhari kuna hadithi ambayo Allah anasema kuwa Siku ya Kiyama yeye mwenyewe atakuwa mgomvi wa watu watatu, na mmoja wao ni yule aliyemuuza mtu huru akala thamani yake. Sasa mtoto aliyetekwa kijijini kwao kando ya Ziwa Nyasa alikuwa mtumwa wa nani? Alikuwa mtoto huru wa wazazi huru. Waliomteka, waliomuuza na waliomnunua bila kuuliza, wengi wao walikuwa wakiswali kama sisi. Mimi siwahukumu, kwani mmoja wao ni babu yangu na namuombea dua kila mwaka. Lakini sitaki kusema kuwa halikuwa jambo.

Hakuwa peke yake

Nilipoanza kusoma, niliona kuwa kisa cha nyanya yetu hakikuwa cha ajabu. Kilikuwa cha kawaida mno. Seyyid Said bin Sultan alipofariki mwaka 1856 aliacha watoto 36, na wote mama zao walikuwa masuria. Huyo Barghash aliyetia saini ule mkataba wa 1873 mama yake alikuwa suria wa Kihabeshi. Dada yake Barghash, Sayyida Salme, aliyekwenda Ujerumani akajulikana kwa jina la Emily Ruete, aliandika kumbukumbu zake zikatolewa mwaka 1886, na ndani yake akamweleza mama yake Jilfidan, mtoto wa Kicherkasi ambaye alipoteza wazazi wake vitani na kufikishwa kwa Seyyid Said akiwa na umri wa miaka saba au minane. Tunamjua Jilfidan kwa sababu binti yake aliandika. Wangapi hatuwajui kwa sababu mabinti zao hawakuandika?

Na tukirudi nyuma zaidi, Khayzuran, mama yake Khalifa Harun al-Rashid, alikuwa mtumwa aliyeletwa kutoka Yemen. Ibrahim, mwana wa Mtume wetu (SAW), mama yake ni Maria al-Qibtiyya. Ummu Ayman aliyemlea Mtume (SAW) alikuwa mjakazi wa Kihabeshi, na mwanawe Usama bin Zayd akawa amiri wa jeshi akiwa kijana wa rika letu. Na Bi Hajar, ambaye mahujaji wote, wafalme na maskini, hukimbia Safa na Marwa kwa kufuata nyayo zake, alikuwa mjakazi. Nasaba ya Mtume (SAW) inapitia kwake kwa Nabii Ismail (AS). Kama asili ya utumwa ingekuwa ni najisi katika damu, basi hapo tungesemaje?

Baada ya uhuru

Unguja na Pemba hali ya utumwa ilifutwa kisheria mwaka 1897, lakini masuria waliachwa nje ya sheria hiyo mpaka mwaka 1909. Huku kwetu, katika ule ukanda wa pwani uliokuwa wa Sultani ukisimamiwa na Waingereza, sheria ilipitishwa mwaka 1907. Fidia ililipwa, lakini walilipwa mabwana kwa hasara ya kupoteza watumwa. Yule aliyepoteza kwao, wazazi wake na jina lake hakulipwa hata pesa moja.

Nilikwenda tawi la Mombasa la Hifadhi ya Nyaraka za Taifa nikidhani nitamkuta Bi Mkubwa huko. Nilikuta barua za maafisa, malalamiko ya wenye mashamba kuwa hawana wafanyakazi, na hesabu za vichwa. Yeye hakuwemo. Nilichokipata ni picha ya dunia aliyoishi. Wengine walikimbilia Frere Town, mtaa ulioanzishwa na wamishonari mwaka 1875 upande wa Kisauni. Wengine walitorokea vijiji vya watoro kama Fuladoyo. Wengi walibaki pale pale walipokuwa, kwa sababu ndipo walipokuwa na watoto wao. Nadhani ndivyo alivyofanya yeye.

Nyanya anasema bwana alipofariki, Bi Mkubwa alipata kile chumba chake, na minazi akawa akiuza nazi na makuti. Alisuka mikeka, akapika vitumbua alfajiri akauza mlangoni. Kitu cha kwanza alichojinunulia, kwa maneno ya binti yake, ni buibui. Mimi nilidhani ni habari ndogo mpaka nilipoelewa maana yake. Zamani wajakazi walivaa kaniki, na kule Lamu ndio waliokuwa wakibeba shiraa, lile hema la kitambaa ambalo mabibi waungwana walipita ndani yake wakienda matembezi. Buibui lilipoingia mwanzoni mwa karne ya 20, mwanamke yeyote mwenye pesa zake aliweza kulivaa, na mtu hakuweza tena kumtambua kwa nguo kuwa huyu ni bibi au ni mjakazi. Leo sisi twabishana kuhusu mitindo ya mabuibui. Kuna mtu alilivaa kama cheti cha uhuru.

Alisoma pia. Alijifunza sura fupi ukubwani kutoka kwa mwalimu wa kike wa jirani, akawa akizisoma kwa sauti huku akisuka. Hili nalo lina historia yake. Kule Lamu, Habib Swaleh, mwasisi wa Msikiti wa Riyadha, aliwafungulia mlango wa elimu watu wa asili ya utumwa wakati ambapo wakubwa wengi wa mji hawakutaka wakae darsa moja na watoto wao. Alilaumiwa sana, na leo Riyadha inajulikana mashariki yote ya Afrika.

Kwa anayetaka kusoma zaidi maisha ya wanawake wa zama zile, kuna kitabu cha Sarah Mirza na Margaret Strobel chenye maisha ya wanawake watatu wa Mombasa, kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1989 na pia kikatolewa kwa Kiswahili. Bi Kaje wa Mwenye Matano anatoka katika ukoo uliokuwa na watumwa, Mishi wa Abdala anatoka kwa wale waliokuwa watumwa, na wa tatu ni Shamsa Muhamad Muhashamy. Wote wanazungumza wenyewe. Nilipokuwa nikikisoma nilikuwa kama niliyekaa uani na nyanya zangu.

Mzozo wa nyumbani

Sitaki mdhani kuwa nyumbani walinipigia makofi. Mjomba wangu aliposikia alikasirika. Akaniita mbele ya mama yangu akaniuliza, "Wewe wataka n'ni hasa? Wataka dada zako wasiposwe?" Maana wakati ule kulikuwa na posa ya dada yangu, na upande wa pili ni watu wanaouliza asili. Akasema nasaba yetu iko wazi, ni ya Omani, na mimi nataka kuitia doa.

Nilimjibu kwa adabu kuwa nasaba yetu si ya uongo hata kidogo. Sharia yenyewe imempa mama yake nyanya jina la baba yake. Ila ni nusu. Na nusu tuliyoikata ndiyo iliyotuzaa, ikatunyonyesha, ikauza vitumbua ili mtoto asome. Nikamkumbusha kuwa Mtume (SAW) alimwoza Bi Zaynab bint Jahsh, binti wa shangazi yake, kwa Zayd bin Haritha aliyekuwa mtumwa, na alimshauri Fatima bint Qays, mwanamke wa Kikureshi, aolewe na Usama, mwana wa Ummu Ayman. Mjomba akasema, "Hizo ni zama za Mtume, na hawa ni watu wa Mombasa." Sikuwa na jawabu. Nilitoka nikilia.

Ndugu zangu, jawabu hilo la mjomba limekaa kichwani mwangu tangu siku ile, kwa sababu nadhani ndilo tatizo letu lote kwa neno moja. Twajua dini inasema nini, kisha twaiwekea mpaka mlangoni kwetu. Aibu ya utumwa ni ya nani? Ya mtoto aliyetekwa? Yeye hakufanya kosa. Kila tunapomficha, tunamchukulia yeye aibu ya wengine.

Ile posa, alhamdulillah, ilitimia. Dada yangu mwenyewe ndiye aliyemwambia mchumba wake. Kijana akanyamaza kidogo kisha akasema, "Na sisi tuna Bi Mkubwa wetu. Hatumtaji vilevile."

Ukitaka kuanza na wewe

Kwa kijana anayetaka kumtafuta nyanya yake, nina nasaha chache nilizozipata kwa kukosea.

Kwanza, anza na walio hai, tena anza leo. Karatasi hungoja, wazee hawangoji. Na usiwaulize kama karani wa mahakama. Kaa nao wakichambua mchele, uliza habari za chakula, ngoma za lelemama, harusi na nguo, na majina yatakuja yenyewe.

Pili, andika kila unaloambiwa na nani aliyekuambia, hata kama wawili wanapingana. Uwongo wa familia nao una sababu yake.

Tatu, tizameni makasha. Wasia, hati za wakfu, karatasi za talaka na za mahari, barua. Kama ni hati ya Kiarabu, mpelekee mtu anayejua kabla haijaliwa na mchwa. Baada ya hapo ndipo uende kwenye kumbukumbu za Kadhi, za wakfu na za ardhi. Wanawake wengi wa pwani walimiliki nyumba na mashamba, na mali huacha alama mahali ambapo maisha hayakuacha.

Nne, usikimbilie kujaza pengo. Mimi nilipoteza miezi mitano kwa Abdallah.

Tano, mkiambiwa jambo na mzee akakuombeni mlifiche, lichungeni. Ndiyo maana hapa sikutaja jina la mtu wa nyumbani kwetu. Nilimwuliza nyanya kama naweza kuandika makala haya, akasema, "Andika kisa. Jina ni letu."

Usiku wa ishirini na saba

Nimalizie kwa khitma ya mwaka jana. Usiku wa ishirini na saba mjomba alisoma karatasi yake kama kawaida. Alipofika kwenye yale maneno ya jumla, na mama zao, nyanya akasema kwa sauti kutoka ndani, "Ngoja." Watu wakanyamaza. Nyanya akataja jina la nyanya yake. Halikuwa jina la ukoo wala la Kiarabu hasa. Lilikuwa jina la kitu kizuri cha dukani, kama walivyopewa wengi katika wao na mabwana zao. Akaongeza, "Binti Abdallah." Pakawa kimya kidogo, kisha mzee mmoja barazani akaitikia amin, na wote wakafuata.

Jina alilopewa na amayi wake kule kwao hatulijui, na sidhani tutalijua duniani. Lakini Allah analijua.

Wiki iliyopita, kabla Ramadhani haijaingia, nilimkuta mjomba amekaa na karatasi mpya, anayanakili majina kwa kuwa ile ya zamani imechanika. Nilichungulia begani kwake. Majina yote ameyaandika kwa wino, na jina la Bi Mkubwa limo, amelitia kwa penseli. Sikumwambia kitu. Kwa mwaka huu latosha.

Ya Rabbi, warehemu mama zetu tunaowajua na tusiowajua, waliozaliwa huru wakauzwa, waliokufa wakiita mama zao kwa lugha ambazo watoto wao hawakuzielewa. Wape huko walichonyang'anywa huku, na utujaalie sisi tuwe katika wenye kuunga udugu. Amin.